Mwalimu Asiyechoka Kurudia

Mtihani wa Kidato cha Nne unamalizika Novemba, matokeo yanatoka Januari, na Kidato cha Tano kinaanza Julai. Hapo katikati kuna zaidi ya nusu mwaka usio na kengele wala mwalimu wa zamu. Familia zenye uwezo humpeleka kijana kwenye tuisheni ya kujiandaa na tahasusi yake. Nyingine humtuma shambani, humkalisha dukani, humpeleka kwa mjomba Dar es Salaam, au humwacha tu alale mpaka saa nne asubuhi. Ikifika Julai, aliyepangiwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) amekwishasahau hata kanuni alizokuwa akizitaja usingizini, na walimu wake wapya hawana nafasi ya kumkumbusha. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika Mei. Miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, ukitoa likizo, ni mifupi kuliko inavyoonekana kwenye kalenda.

Kipindi hicho ndicho kilichonifanya niandike juu ya masomo ya mtandaoni, ingawa nitakayosema yanamhusu pia mtoto wa Kidato cha Kwanza anayehangaika na Kiingereza, na dada aliyeacha shule miaka mitatu iliyopita na sasa anataka kurudi. Matangazo ya masomo haya hupenda kuzungumzia teknolojia, karne hii na dunia kuwa kijiji. Hayo mzazi anaweza kuyaruka. Faida anayopaswa kuilipia bando ni nyepesi kueleza: mwanafunzi anaamua somo liende kwa kasi gani, lisimame wapi na lirudiwe mara ngapi, na katika kufanya hivyo anajifunza kujisomea bila kusukumwa.

Kwanza tuelewane juu ya tunachokizungumzia. Kuna video zilizorekodiwa, ambazo ziko YouTube kwa maelfu, bure. Kuna tovuti zenye notsi na maswali, mfano Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Kotta Nyalandu kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wa Tanzania, na kuna Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila kulipia. Kuna madarasa ya mubashara, mwalimu akiwa Zoom au Google Meet na wanafunzi wakimuuliza papo hapo. Tena kuna masomo yanayokuja kwa ujumbe mfupi hata kwenye simu ya kitochi, njia ambayo Eneza Education ya Kenya imeitumia kwa miaka. Kwa mfuko wa familia ya kawaida, video na vitabu vya bure vinatosha kuwa msingi. Darasa la mubashara la kulipia liwekwe akiba kwa ajili ya mada iliyogoma kabisa.

Mwaka 2004 Salman Khan, kijana aliyekuwa akifanya kazi za fedha Boston, alianza kumfundisha binamu yake Nadia aliyekuwa akiishi New Orleans. Nadia alikuwa amekwama kwenye kubadili vipimo. Walitumia simu na ubao wa kuchorea wa kwenye kompyuta. Ndugu wengine wakasikia, nao wakaomba. Ratiba zikaanza kugongana, na mwaka 2006 Khan akaanza kurekodi masomo na kuyaweka YouTube. Huo ndio mwanzo wa Khan Academy. Mwaka 2011, akihutubia mkutano wa TED, alisimulia huku watu wakicheka kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi akiwa YouTube kuliko akiwa nao ana kwa ana.

Mtu aliyewahi kufundisha hacheki sana akilisikia hilo, maana analijua chanzo chake. Kwenye video, mtoto anaweza kumsimamisha mwalimu katikati ya sentensi. Anaweza kurudi kwenye sehemu alizopaswa kuwa amezielewa Darasa la Tano, bila mtu kumshangaa. Darasani mwalimu huuliza "Mmeelewa?" na wanafunzi sabini hujibu kwa pamoja "Ndiyooo!", wakiwemo wale ambao tangu dakika ya kumi hawajui kinachoendelea. Anayenyoosha mkono kusema hapana ni jasiri, na ujasiri huo hulipwa kwa kicheko cha dawati la nyuma. Mtoto mwenye aibu anaweza kupita miaka minne ya sekondari bila kuuliza swali hata moja. Simu haimcheki, na haichoki hata akiirudisha mara tisa.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa ziada kwa sababu ya lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, halafu Januari moja anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Biolojia na Jiografia zinasemwa kwa Kiingereza. Analazimika kufanya kazi mbili kwa mpigo: kulielewa neno na kulielewa jambo. Mwalimu anapofuta ubao, bado yuko kwenye neno la tatu. Kwa mtoto wa namna hii nashauri utaratibu ufuatao, ambao hauhitaji akili nyingi, unahitaji subira. Atafute kwanza maelezo ya mada hiyo kwa Kiswahili, au kwa ule mchanganyiko ambao walimu wetu wengi wa mtandaoni wanautumia. Alielewe jambo lenyewe. Kisha atazame mada hiyo hiyo kwa Kiingereza, safari ya kwanza akiandika maneno mageni pembeni mwa daftari, safari ya pili akifuata maana. Kwenye mipangilio ya YouTube kuna sehemu ya kupunguza kasi; 0.75 inatosha, na maandishi ya chini ya picha nayo yawashwe. Wapo wanaosema kumweleza mtoto wa sekondari kwa Kiswahili ni kumdekeza. Mimi naona mtoto asiyejua usanisinuru ni nini kwa lugha yoyote hatauandika kwa Kiingereza siku ya mtihani, isipokuwa aukariri kama wimbo asioujua maana.

Tuje kwenye masomo yasiyo na mwalimu. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004 zilifungua milango kwa watoto ambao wangeishia Darasa la Saba, na hilo ni jambo kubwa. Ila walimu wa Fizikia na Hisabati hawakuongezeka kwa kasi ya madarasa. Hisabati ya Kidato cha Nne imebaki miaka nenda rudi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Penye mwalimu mmoja wa Fizikia kwa shule nzima, akienda likizo ya uzazi mada inamsubiri. Mwanafunzi wa shule kama hiyo hatumii mtandao kuongezea kitu, anautumia kuziba pengo, na hapo faida inaonekana haraka kuliko kwa yule aliyekwishapata mwalimu mzuri na tuisheni juu.

Hata maabara ina sehemu yake mtandaoni. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001. Ni majaribio ya kuigiza kwenye kioo. Unaunganisha betri, waya na balbu, unaongeza ukinzani, unaona mkondo unavyopungua. Unabadilisha urefu wa pendulumu na kupima muda wake. Ni bure, mengi yanaweza kupakuliwa yakatumika bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa mwanafunzi ambaye ameiona amita kwenye mchoro tu, hii ni hatua kubwa. Lakini mzazi asidanganyike kwamba maabara imepatikana. Kusoma bureti jicho likiwa usawa wa kimiminika, kuachia tone moja tu na kufunga mara rangi inapobadilika, hayo ni mambo ya mkono, na mtihani wa vitendo unaupima mkono. Kama shule haina vifaa, ulizeni shule jirani yenye maabara kama inawapokea watahiniwa wa nje kwa siku chache kabla ya mtihani.

Faida nyingine haisemwi sana, nami naiweka juu kuliko watu wengi wanavyoiweka: masomo ya kurekodiwa yanamfaa msichana. Tuisheni ya jioni, ukiichunguza mitaani kwetu, ina wavulana wengi. Msichana saa kumi na mbili yuko jikoni, au wazazi hawataki arudi usiku peke yake, na wana sababu. Video inamsubiri amalize vyombo. Tangu Novemba 2021, serikali ya Tanzania iliporuhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, wapo walio tayari kurudi lakini wana mtoto mchanga mgongoni na hofu ya kukaa darasa moja na wadogo zao. Wengine wameamua kwenda kwa njia ya QT (mtihani wa maarifa) na kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Kwa mama kijana kama huyo, saa moja na nusu mtoto anapolala mchana ndiyo shule. Ukimpangia ratiba ya darasa la kawaida umemfungia mlango.

Ya Korona nitayapitia kwa kifupi, kwa kuwa kila mtu anayakumbuka. Tanzania ilifunga shule Machi 17, 2020. Kidato cha Sita wakarudi Juni 1 na wengine Juni 29. Kenya iliwarejesha wanafunzi wote Januari 2021. Uganda ikakaa karibu miaka miwili, mpaka Januari 2022. Tulichokiona nchi zote tatu kilifanana: mwenye simu, bando na mtu mzima wa kumfuatilia aliendelea, na aliyekosa kimojawapo alisimama. Wengi hutaja simu na bando wakamsahau mtu mzima. Nyumba zilizokuwa na simu mbili na hakuna anayeuliza lolote hazikutoka na masomo, zilitoka na mabingwa wa michezo ya kwenye simu.

Huyo mtu mzima ndiye ninayetaka kuzungumza naye sasa.

Katika zile kozi kubwa za wazi za vyuo vikuu vya nje, ambazo mtu yeyote anajiandikisha bure, wanaomaliza mara nyingi hawafiki 15 katika kila 100 walioanza. Na wengi wao ni watu wazima wenye kazi na nia. Usitegemee kijana wa miaka kumi na saba awashinde kwa sababu tu umemnunulia simu. Kinachomwezesha ni mpango mdogo. Aanze na somo moja, au mawili akiwa mzoefu. Ndani ya somo achague mada, si kitabu kizima: logarithimu, usawazishaji wa milinganyo ya kemia, vekta. Achague saa ileile kila siku, na isiwe zaidi ya saa mbili. Nimeona ratiba za vijana zilizopakwa rangi nne, kuanzia alfajiri mpaka saa tano usiku, na sijaona hata moja iliyovuka wiki ya pili.

Kisha karatasi. Video ina hatari ambayo kitabu hakina: inamfanya mtu ahisi ameelewa. Mwalimu anakokotoa vizuri, hatua zinateleza, mtazamaji anatikisa kichwa, na video ikiisha anabonyeza inayofuata. Mwambie afunge simu, achukue swali lile lile, alifanye mwenyewe mpaka mwisho. Atakwama, na hapo alipokwama ndipo somo linapoanza. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliosoma matini na kuirudia kuisoma na wale waliosoma kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walikuwa wakikumbuka zaidi. Mtihani wa taifa hauji baada ya dakika tano. Kwa hiyo katika saa mbili za siku, nusu saa iwe ya kutazama na iliyobaki iwe ya kalamu.

Mzazi ambaye hakusoma sekondari hudhani hana la kufanya hapa. Anao uwezo kuliko anavyojua. Jioni muulize: "Haya mwanangu, leo umesoma nini? Nieleze kwa Kiswahili nielewe na mimi." Huhitaji kujua jibu. Utaona mwenyewe kama maelezo yananyooka au yanazunguka mbuyu, na yeye ataona kabla yako. Akisema "mama hii huwezi kuielewa", mwambie ajaribu tena kesho. Na daftari uliangalie. Usihukumu kilichoandikwa, tazama tu kama kurasa zinaongezeka na kama maswali yamefanywa mpaka mwisho.

Kwa pepa za miaka iliyopita kila mwanafunzi anajua pa kuzipata. Wachache wanajua kwamba NECTA huweka pia kwenye tovuti yake, bila malipo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo swali linachambuliwa moja moja: wangapi walilifanya vizuri, wengi walikosea wapi, na nakala za majibu halisi ya watahiniwa, mazuri na mabaya. Sijui kwa nini hazina hii haizungumzwi. Mwanafunzi wa Historia anaweza kuona jibu lililopata alama nyingi limepangwaje. Wa Hisabati anaona ni hatua gani watu huiruka wakapoteza alama. Kama una bando la kupakua kitu kimoja tu mwezi huu, pakua hizo za masomo yake mawili dhaifu, za miaka mitatu ya karibuni.

Tukifika kwenye bando, hesabu zake ni hizi. Video ya ubora wa 720p inaweza kula zaidi ya GB moja kwa saa. Video hiyo hiyo ikishushwa hadi 240p au 360p inatumia sehemu ndogo tu ya hiyo, na somo la mwalimu na ubao mweupe linasomeka bila shida. Kazi ya kwanza basi ni kuufungia ubora wa picha huko chini. Ya pili ni kupakua badala ya kutazama moja kwa moja: anayerudia somo mara tano akiwa mtandaoni anaweza kujikuta amelipia mara tano. Makampuni ya simu huuza bando za usiku kwa bei ya chini; mmoja aamke saa kumi, apakue ya wiki nzima, alale. Vijana watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga, mmoja akapakua na wengine wakarushiana au wakabeba kwa memori kadi. Simu ikiwa ni ya baba na inarudi nyumbani saa moja usiku, basi masomo ni kuanzia saa mbili, na baba akubali kwamba kwa muda huo simu si yake. Hilo la mwisho huwa gumu kuliko kupata hela ya bando.

Nashauri pia mtu asinunue kifaa kipya kabla ya mwezi mmoja wa majaribio kwa simu iliyopo. Kishikwambi hakimfundishi nidhamu asiyekuwa nayo.

Kuchagua walimu wa mtandaoni kunataka jicho. Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, kwa hiyo video nyingi zilizopo zinafuata mpangilio wa zamani. Fizikia yenyewe haijabadilika, ila mada inaweza kuwa imehamishwa kidato, imepunguzwa au imeongezwa. Kwanza pakua muhtasari wa somo wa Taasisi ya Elimu, uuweke mezani, na kila video ipimwe kwa huo. Walimu wa Kenya ni wazuri na Kiingereza chao kinasikika vyema kwa mtoto wetu, ila nao wanamwandaa mtu kwa mtihani wao, na Kenya yenyewe inahama kutoka mfumo wake wa 8-4-4. Video za walimu wa India za Hisabati na Fizikia ni za kiwango cha juu sana, wakati mwingine cha juu kupita mahitaji. Zinamfaa wa Kidato cha Sita kuliko wa Kidato cha Pili. Kama mwalimu hajaeleweka ndani ya dakika kumi, hama. Mtandaoni hakuna uaminifu kwa mwalimu mmoja.

Wanaotoza fedha wapo waaminifu na wapo matapeli. Kabla ya kulipa, omba kipindi kimoja cha bure, uliza mwalimu anafundisha wapi, na usilipe muhula mzima kwa mkupuo. Kila inapokaribia Oktoba na Novemba huibuka makundi ya Telegram na WhatsApp yanayouza "pepa zilizovuja". Karibu zote ni utapeli wa kukomba fedha za watoto. Na hata kama moja ingekuwa ya kweli, NECTA humfutia matokeo mtahiniwa anayebainika kufanya udanganyifu. Mweleze mwanao hivyo waziwazi, kabla hajachangishwa na wenzake.

Liko pia la usalama, hasa kwa mabinti. Mwalimu wa mtandaoni anayetaka kuwasiliana na mwanafunzi mmoja mmoja faraghani usiku, hata kama ni kwa kisingizio cha kusahihisha kazi, azuiwe. Namba inayoingizwa kwenye kundi la masomo iwe ya mzazi, maswali yaulizwe mbele ya wote, picha isitumwe isipokuwa ya ukurasa wa daftari. Mwalimu mwema hataona ubaya wa masharti hayo.

Anayeyamudu haya kwa miezi michache anapata kitu ambacho hakimo kwenye muhtasari wowote. Jimbo la Michigan huko Marekani liliamua mwaka 2006 kwamba mwanafunzi wa sekondari asihitimu bila kuwa amewahi kusoma kwa njia ya mtandao, kwa hoja kwamba chuoni na kazini atasoma hivyo. Kwetu hoja hiyo iko karibu zaidi na mlango. Kubadili tahasusi baada ya matokeo ya Kidato cha Nne kunafanyika kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI. Maombi ya vyuo yako mtandaoni. Maombi ya Bodi ya Mikopo yako mtandaoni. Vijana wengi wenye ufaulu mzuri humlipa mtu wa stesheneri awajazie, wakamwachia nywila yao, na baadaye kosa la herufi moja kwenye jina au cheti kilichopakiwa vibaya huwagharimu mkopo wa mwaka. Kijana aliyezoea kufungua akaunti yake, kutunza nywila, kupakia faili na kusoma maelekezo mpaka mwisho anajaza mwenyewe. Na akifika chuoni, ambako mhadhiri huweka notsi kwenye mfumo na kuondoka, hashangai.

Kuna wanafunzi ambao njia hii haiwafai, au haiwafai bado. Yupo asiyeweza kukaa na simu bila kuteleza kwenye TikTok, na hata ukimkalia karibu anateleza. Yupo anayehitaji kuona uso wa mwalimu ndipo ajitume. Mpe wiki nne. Kama daftari halijai na maswali hayafanywi, usimgombeze juu ya fedha za bando. Mtafutie mwalimu wa mtaani, hata mwanafunzi wa chuo aliye likizo, mara mbili kwa wiki, na video zibaki za kurudia alichofundishwa. Mchanganyiko huo huwafaa wengi kuliko mtandao peke yake.

Walio bweni wana kikwazo kingine: simu haziruhusiwi, na mimi sipingani na katazo hilo, kwa sababu bweni lenye simu halilali. Ila mzigo unabaki kwa shule. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inayowekwa kwenye kompyuta moja ikiwa na masomo yake yote ndani, na kompyuta nyingine zilizounganishwa nayo zikayafungua bila intaneti hata kidogo. Inahitaji mtu mmoja mwenye intaneti ya kupakulia mara moja, waya au rauta ya kuziunganisha, na mwalimu aliye tayari kuwa na ufunguo jioni. Shule nyingi zina chumba cha kompyuta za msaada kilichofungwa kufuli, vumbi juu, kwa kuhofia zisiharibike. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, kabla ya kujadili mchango mpya, ulizeni kompyuta zile ziko ngapi, ngapi zinawaka, nani ana ufunguo, na chumba kinafunguliwa siku gani na saa ngapi.